Je, Wajua? Ndoo ya makombo inaweza kumaliza banda zima

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, mwaka 1921, na daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery. Haimdhuru binadamu. Nguruwe, lakini, huwafagia, na dawa ya kuitibu hakuna.

Mfugaji wa Migori au Homa Bay anaweza kuibeba mwenyewe hadi bandani, ndani ya ndoo ya makombo ya hotelini: ugali uliolala, maganda ya viazi, na katikati kipande cha nyama ya nguruwe. Virusi vyake hukaa hai kwa miezi katika nyama iliyogandishwa. Mwaka 1957 viliingia Ureno kwa njia hiyo, nguruwe wa karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon walipolishwa mabaki ya chakula cha abiria.

Kupasha moto tu hakutoshi. Chemsha makombo saa nzima, ukikoroga mpaka chini ya sufuria. Ndoo iliyobeba makombo yasiyochemshwa isirudi kulishia. Na jirani akianza kupoteza nguruwe, usikimbilie kuuza wako. Mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.