WIKI MOJA KWA GARI KANDO YA ZIWA VICTORIA: HESABU ZIANZE KABLA YA SAFARI

MFANYAKAZI wa Mwanza anapopata likizo ya wiki moja, mara nyingi fedha yake huishia kwenye nauli ya kwenda mbali. Wachache hukumbuka kwamba barabara ya lami inayopita karibu na Ziwa Victoria inaanzia mlangoni mwao, na kwamba vijiji vyake vina vitu vya kuona, kula na kununua kwa siku zote saba.

Utalii wa gari vijijini ni biashara ya siku nyingi kwingineko. Huko Ufaransa, mwaka 1900, ndugu wawili watengenezaji wa matairi, André na Édouard Michelin, walitoa kitabu cha bure kilichowaonyesha wenye magari mahali pa kupata mafuta, fundi, chakula na malazi. Haikuwa hisani. Gari linalotembea sana humaliza tairi, na tairi likiisha hununuliwa jingine. Nao wenye nyumba za wageni waliotajwa kitabuni wakapata wateja. Msafiri wa Kanda ya Ziwa hana budi kujiandalia kitabu chake mwenyewe, na kazi hiyo ifanyike kabla ya kuwasha gari.

Majira na mwezi

Kipindi kizuri ni kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekatika na njia za vumbi zikipitika. Juni ina faida ya ziada, kwani ndipo hufanyika Bulabo, sherehe za ngoma za Wasukuma huko Bujora, Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza. Vyama vya Bagalu na Bagika hushindana huko, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi.

Anayetaka dagaa atazame pia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, zamani karabai na sasa nyingi zikiwa za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, na bidhaa huadimika. Inafaa kupita Mwaloni Kirumba siku moja kabla ya safari ili kujua bei ya soko kubwa. Mwenye bei hiyo kichwani hataumizwa huko mwaloni kijijini, wala hatamkandamiza mvuvi.

Upande wa mashariki

Siku ya kwanza yaweza kuanzia makumbusho ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kutoka hapo barabara inapita Magu, Lamadi na Bunda hadi Musoma. Mwanza hadi Musoma ni takriban kilomita 220, mwendo wa nusu siku kwa asiyesimama. Lakini gari linalopita bila kusimama huachia kijiji moshi tu. Anayekula mchana Lamadi na kulala Musoma ameacha fedha mahali pawili.

Siku ya pili ni ya Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa Oktoba 1999. Pana makumbusho, na kaburi lake liko Mwitongo, nyumbani kwake.

Siku ya tatu msafiri hurudi Bunda na kushika njia ya Kisorya, ambako kivuko huvusha magari hadi Rugezi, Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria. Siku ya nne abaki huko. Machungwa ya Ukerewe hufahamika hadi masoko ya Mwanza, na samaki hutoka majini hadi sufuriani siku ileile. Wapenda vitabu watakumbuka kuwa hiki ndicho kisiwa cha Aniceti Kitereza, ambaye riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980.

Siku ya akiba

Hapa ndipo mipango mingi huharibika. Msafiri huhesabu kilomita na kusahau maji. Kivuko kina ratiba yake, foleni yake na siku zake za ubovu. Anayebanwa na muda hushawishika kupanda chombo kilichojaa, na gharama ya kosa hilo inajulikana. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na MV Nyerere Septemba 20, 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, ambako walikufa watu zaidi ya 220. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba kupita kiasi. Kwa hiyo siku ya tano isipangiwe kitu zaidi ya kurudi Mwanza. Kivuko kikijaa, msafiri angoje kingine bila hasara.

Upande wa magharibi

Siku mbili zilizobaki ni za Sengerema na Geita. Njia hii imekuwa rahisi tangu Juni 19, 2025, lilipozinduliwa daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilomita zipatazo tatu. Awali magari yalingoja kivuko. Sasa kuvuka ni suala la dakika chache. Lakini urahisi huo una upande wa pili. Foleni ya kivuko ilikuwa soko la mama lishe na wauza samaki wa pande zote mbili, na gari linalopita juu ya daraja haliwaoni. Msafiri mwenye nafasi asimame Busisi anunue japo chakula cha mchana.

Mfuko na gari

Fedha igawanywe mafungu matano: mafuta, malazi, chakula, viingilio na vivuko, na akiba. Tangi lijazwe kwenye miji mikubwa, na noti ndogondogo ziwekwe tayari, kwani chenji ni shida vijijini. Tairi la akiba, jeki, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto vikaguliwe nyumbani.

Anayenunua samaki wa kurudi nao apime urefu. Sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi, na kutaifishwa njiani ni hasara tupu. Kuoga ziwani kuepukwe kwa sababu ya kichocho, na chandarua kiwemo mizigoni.

Mwendo uanze saa 12 asubuhi na kukoma kabla ya jua kuzama. Usiku barabara hizi zina ng'ombe na baiskeli zisizo na taa.