Hesabu za Umma ni Mali ya Nani?

Wengi hudhani kwamba sheria impayo raia haki ya kusoma mafaili ya serikali hubuniwa na mabingwa wa sheria, au na sisi wenye magazeti. Huko India haikuwa hivyo. Ililetwa na vibarua wa vijijini waliopunjwa ujira wao.

Katika jimbo la Rajasthan serikali iliwaajiri watu nyakati za ukame wachimbe mabwawa na kutengeneza barabara. Kazi ilipokwisha, kibarua alipewa ujira pungufu ya ule uliowekwa na sheria, naye akilalamika huambiwa kwamba daftari laonyesha hakutimiza kazi yake. Basi na alione daftari hilo! La, hiyo ni siri ya serikali. Sheria ya siri waliyoitunga Waingereza mwaka 1923 ilikuwa ingali hai, na kila karani aliweza kujifunika kwayo.

Mwaka 1990 wakulima na wafanya kazi hao waliunda chama chao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, pamoja na Bibi Aruna Roy, aliyeacha utumishi wa serikali mwaka 1975. Desemba 1994 wakaitisha baraza la wazi katika kijiji cha Kot Kirana, kisha mengine. Madaftari yalisomwa jina baada ya jina, mbele ya wenye majina. Ndipo ilipojulikana kwamba wengine walioandikwa kuwa wamelipwa hawakufanya kazi kamwe, wengine walikwisha kufa, na majengo yaliyolipiwa hayakujengwa. Sisi hatujui shule ya uraia iliyo bora kuliko hiyo. Aprili 1996 waliketi barabarani mjini Beawar siku 40 wakidai nakala za hesabu, na wachuuzi wa sokoni wakawachangia mboga.

Mahakama ya Juu ilikwisha kutamka mwaka 1975 kwamba wananchi wana haki ya kujua yanayotendwa na watumishi wao. Lakini tamko la hakimu halimfungulii mtu kabati. Tamil Nadu ilitunga sheria yake mwaka 1997, Rajasthan mwaka 2000. Sheria ya taifa ya mwaka 2002 haikuanza kutumika hata siku moja. Ile ya 2005, iliyoanza tarehe 12 Oktoba, ndiyo yenye meno: mwombaji hutoa rupia 10, fukara hatoi kitu, wala haulizwi sababu, jibu lije kwa siku 30, au saa 48 ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu. Ofisa akichelewesha bila sababu ya haki hutozwa yeye mwenyewe rupia 250 kwa siku, hata kufikia 25,000.

Watasema wengine kwamba dola haliendeshwi hadharani. Ni kweli, na sheria yenyewe yaficha mambo ya ulinzi na mengineyo. Lakini rushwa si jambo la ulinzi. Amit Jethwa, aliyefichua uchimbaji wa mawe usio halali karibu na msitu wa Gir, alipigwa risasi akafa Julai 2010 nje ya Mahakama Kuu ya Gujarat. Siku hizi sheria hii hudhoofishwa kwa njia ya kimya zaidi. Marekebisho ya 2019 yaliipa serikali madaraka ya kuamua muda na mishahara ya makamishna wanaosikiliza rufaa, na Tume ya Jharkhand ilikaa miaka kadha baada ya 2020 bila kamishna hata mmoja.

Nasi tuandikao katika gazeti la chama haifai tuyapite ya vyama. Juni 2013 Tume ya Taifa iliamua kwamba vyama sita vikubwa ni vyombo vya umma, navyo havina budi kujibu maswali ya raia. Havikutii, wala havikwenda mahakamani kupinga. Michango yao ya siri iliendelea hadi Februari 2024, Mahakama ya Juu ilipoifuta hati ya kuchangia bila kujulikana kwa kuwa yamnyima mpiga kura haki ya kujua, na Machi majina ya wachangaji yakatangazwa.