Krismasi ya Masasi na Newala: Kwa nini sahani ya jirani hairudi tupu

KILA mwaka, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi inapowadia, mabasi ya kwenda mikoa ya kusini hujaa abiria wanaorejea kwao. Wengi wao hutoka katika miji ambako sikukuu ina maana ya muziki mkubwa, kumbi zilizojaa na mifuko inayobaki mitupu.

Huko Masasi, mji uliozungukwa na milima ya mawe, na Newala iliyo juu ya ukingo wa magharibi wa uwanda wa Makonde, familia nyingi huisherehekea siku hiyo kwa utulivu. Asubuhi ni ibada, adhuhuri ni chakula cha pamoja nyumbani, na alasiri watoto hubeba sahani zilizofunikwa kwa kitambaa kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Ndani ya sahani hizo kuna maandazi, vitumbua, visheti, kalimati, kashata au biskuti zilizookwa nyumbani. Mtoto hupiga hodi, hutoa shikamoo, hukabidhi alichotumwa na kusubiri. Sahani haipaswi kurudi tupu. Ikiwa jirani hakupika, hata konzi ya korosho zilizokaangwa au ndizi mbivu chache hutosha.

Nchini Marekani upo utaratibu unaokaribiana na huo. Marafiki hukubaliana siku moja kabla ya Krismasi, kila mmoja huoka aina moja ya biskuti kwa wingi, kisha hukutana katika nyumba ya mmoja wao na kubadilishana, hata kila mgeni akaondoka na mchanganyiko wa aina zote.

Tofauti ni kwamba huko watu hualikana, ilhali kusini mwa Tanzania sahani ndiyo inayotembea. Hesabu, hata hivyo, ni ile ile.

Hesabu ya nyumba sita

Chukua mfano wa nyumba sita za mtaa mmoja. Kila nyumba ikitengeneza vipande 60 vya aina moja, ikabakiza 10 na kupeleka 10 kwa kila mmoja wa majirani watano, jioni kila nyumba itakuwa tena na vipande 60, lakini vya aina sita.

Mama ambaye angelazimika kununua unga wa ngano, unga wa mchele, nazi, karanga, maziwa na mayai ili apate aina zote hizo, hununua mahitaji ya aina moja tu. Mafuta huchemshwa mara moja na mkaa huwashwa mara moja.

Kwa Newala, maji nayo yamo katika hesabu hiyo. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga na huyapitisha maji ya mvua kwa haraka, na kwa miaka mingi wakazi wamelazimika kuteremka mabondeni au kununua maji kwa ndoo. Kitafunwa kikavu kinachodumu siku kadhaa hupunguza kupika na kuosha vyombo katika siku ambazo wageni huingia bila kutoa taarifa.

Desemba na fedha za korosho

Kuna sababu nyingine inayoifanya sikukuu ya utulivu kuwa jambo la busara, nayo ni kalenda ya shamba.

Msimu wa mauzo ya korosho huanza Oktoba, na Krismasi huukuta ukiendelea. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi, hutunzwa ghalani, huuzwa kwa mnada, kisha yeye hulipwa. Kati ya kupima mzigo na kuishika fedha huweza kupita siku au wiki kadhaa.

Anayetaka kufanya sherehe kubwa kabla ya malipo hujikuta akishawishika kuuza kwa njia ya kangomba. Mnunuzi asiye rasmi humpa fedha taslimu papo hapo, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya mnada, naye huchukua korosho. Biashara hiyo imepigwa marufuku, lakini haijaisha, kwa kuwa shida ya siku moja huonekana kubwa kuliko hasara ya msimu mzima.

Krismasi ya mwaka 2018 iliwapa wengi fundisho. Novemba mwaka huo, baada ya mvutano wa bei katika minada, Serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuisomba. Malipo yaliambatana na uhakiki wa wakulima, na sikukuu iliwakuta wengi wakiwa bado wanasubiri. Katika hali kama hiyo, anayeweza kupata unga wa kutosha aina moja ya kitafunwa bado anaweza kushiriki sikukuu akiwa mtoaji, wala si mpokeaji peke yake.

Aidha, Januari haisubiri. Shule hufunguliwa, na ingawa ada imefutwa katika shule za Serikali, sare, madaftari na viatu hununuliwa. Mvua nazo huwa zimeanza, na shamba hudai mbegu na vibarua. Fedha inayoyeyuka tarehe 25 Desemba ndiyo inayotafutwa kwa mkopo wiki tatu baadaye.

Dini mbili, mtaa mmoja

Historia ya Krismasi katika eneo hili ni ndefu. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa la Anglikana la Mkunazini, mahali soko hilo lilipokuwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, nao wakaanzisha makazi Masasi.

Mwaka 1882 makazi hayo yalivamiwa na Wangoni, ambao huko waliitwa Wamagwangwara, na kituo cha misheni kikahamishiwa Newala. Wabenediktini wa Kanisa Katoliki nao walifika Ndanda mwaka 1906. Hata hivyo, Uislamu ulikuwa na unaendelea kuwa na waumini wengi miongoni mwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, na mara nyingi familia moja huwa na ndugu wa dini zote mbili.

Ndiyo maana sahani ina kazi kubwa kuliko kushibisha. Siku ya Idi hutoka nyumba ya Mwislamu, na siku ya Krismasi hutoka nyumba ya Mkristo. Kwa kitoweo, desturi iliyoenea nchini ni kumwomba Mwislamu achinje ili kila mgeni ale bila shaka. Vitafunwa hurahisisha jambo hilo zaidi, mradi visitiwe mafuta ya nguruwe wala kileo.

Desemba 2000, kwa mfano, Krismasi iliangukia siku za mwisho za Ramadhani, na Idi ikafuata baada ya siku chache. Katika mwaka wa namna hiyo, adabu hutaka sahani ya Mkristo ifike kwa jirani aliyefunga jua linapozama, ipate kuingia katika futari.

Namna ya kuanza mjini

Mkazi wa jiji anayetaka kuujaribu utaratibu huu hahitaji oveni. Keki na biskuti huokwa katika sufuria iliyotandikwa mchanga mkavu chini na kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Kashata za korosho zinahitaji sukari na vipande vilivyovunjika, ambavyo huuzwa kwa bei nafuu kuliko korosho nzima.

Tahadhari moja ni muhimu: korosho ghafi zisibanguliwe na watoto. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na zinapochomwa hulipuka moto. Wazoefu huzichomea nje ya nyumba na kujipaka majivu mikononi kabla ya kubangua.

Ni vema pia majirani wakubaliane mapema nani atatengeneza nini, ili mtaa mzima usije ukapeana maandazi. Aliyefiwa, mgonjwa na mzee anayeishi peke yake huwekwa kwenye orodha hata kama hawatengenezi chochote. Hao ndio ambao, siku ya sherehe kubwa ya ukumbini, hakuna anayekumbuka kuwabishia hodi.

Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Katika mitaa ya Masasi na Newala, msemo huo hutimizwa kwa sahani moja iliyofunikwa kitambaa, inayokwenda na kurudi.