Mizani ya lugha kwa viongozi wa biashara: Somo kutoka Kolo

Mwenye duka akitumia jiwe pungufu katika mizani, mnunuzi hudhulumika hata kama mchele wenyewe ni mzuri. Dhulma hiyo kila mmoja wetu anaijua, na Sura nzima ya Qur'ani, Al-Mutaffifiin, imeitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Ipo, hata hivyo, mizani nyingine ambayo aghalabu hatuizungumzii, nayo ni ile inayopima lugha ya kijana anayeandaliwa kuongoza biashara zinazovuka mipaka. Hiyo nayo ikiwa pungufu, wapo watakaodhulumika.

Juma hili tuanzie Kolo, wilayani Kondoa, kijiji kilicho kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati na Arusha. Walio mbali wanakifahamu kwa michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini eneo hilo lina urithi mwingine usiochorwa juu ya jabali. Kirangi ni lugha ya Kibantu. Kialagwa na Kiburunge ni za nasaba ya Kikushi. Wasandawe wana lugha yao yenye sauti za vidoko, na Wabarabaig wafugaji husema lugha ya Kiniloti. Ni mahali pachache mno barani Afrika ambapo lugha za nasaba tofauti kiasi hicho zimekaribiana, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wenyewe.

Mtoto anayekulia katika mchanganyiko huo hujifunza mapema kwamba bei haitajwi kabla ya salamu, na kwamba neno la kumridhisha mkulima silo la kumridhisha mfugaji. Huo ni ujuzi wa kibiashara hasa. Akifika sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, ujuzi huo hauna pa kuandikwa. Kinachohesabiwa ni alama za karatasi ya mtihani.

Hatusemi kwamba Kiingereza hakina haja. Tukumbuke yaliyowafika wakulima wa mbaazi. Agosti 2017 Serikali ya India, mnunuzi mkubwa wa zao hilo, iliweka kikomo cha mbaazi zitakazoingia nchini humo, na bei ikaporomoka hapa Tanzania. Mei 2021 India ikalegeza tena masharti. Matangazo ya namna hiyo hutolewa kwa Kihindi na Kiingereza, tena kwa lugha ya sheria. Kiongozi wa ushirika au kampuni asiyeweza kuyasoma mwenyewe na kuyaelewa husubiri kuambiwa, na anayesubiri kuambiwa aghalabu huwa wa mwisho kujua.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika kupima kitu kimoja na kudai tumepima kingine. Mtihani wa TOEIC ulianza Japani mwaka 1979 kwa ajili ya kupima Kiingereza cha makazini. Kwa miaka mingi ulipima kusikiliza na kusoma tu. Sehemu za kusema na kuandika ziliongezwa mwaka 2006. Katika muda wote huo mtu aliweza kupata alama za juu bila ya kufumbua kinywa, ilhali biashara haifanywi na mabubu. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mwongozo wa ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, unaoeleza kila ngazi kwa yale ambayo mtu anaweza kuyatenda kwa lugha. Hilo ndilo swali la haki: anaweza kufanya nini?

Kwa mwanafunzi wa biashara, jibu hupatikana kwa kumpa kazi yenyewe. Apewe mkataba autafute ndani yake mwanya wa hasara. Aandike barua ya kukataa bei bila ya kuvunja urafiki. Akae mbele ya mnunuzi asiyemjua, wajadiliane. Kisha awaeleze wakulima kwa Kiswahili chepesi yale aliyoyasikia kwa Kiingereza, pasi na kuongeza wala kupunguza. Wasahihishaji wawe wawili, kila mmoja akitoa alama peke yake kwa vigezo vilivyoandikwa, ili lafudhi ya Kondoa isimponze mtu wala lafudhi ya mjini isimbebe. Na apimwe anapoingia chuoni, si siku ya kuhitimu pekee, maana ugonjwa uliogunduliwa siku ya mazishi hautibiki.

Hapa twamkumbuka Zaid bin Thabit. Mtume (S.A.W.) alimwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na uhakika na barua zilizosomwa na kuandikwa na watu wengine kwa niaba yake. Zaid alijifunza kwa siku chache, kisha akawa ndiye msomaji na mwandishi wa barua hizo. Ujuzi wake ulithibitika kwa barua zilizofika na kueleweka. Tunajifunza kwamba lugha katika shughuli za watu ni amana, na mwenye kuibeba hupimwa kwa uaminifu wa anachokifikisha.

Hatuna budi pia kuacha kudhani kwamba lugha ya kimataifa ni moja. Kiswahili kilikuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa Taasisi ya Confucius mwaka 2013, na Kichina kikafundishwa hapo. Nchini Ufaransa, chuo cha biashara cha INSEAD kwa miaka mingi kilimtaka mhitimu awe na lugha tatu. Kijana wa Kolo mwenye Kirangi, Kiswahili na Kiingereza ameshafikisha idadi hiyo. Linalokosekana ni mizani inayoziona zote.

Rai yetu kwa vyuo vya biashara, kikiwemo Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965 na chenye kampasi Dodoma, ni kwamba mtihani wa lugha ufanane na soko ambalo mhitimu atalikuta. Mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa. Tukiuliza sarufi tupu, tutavuna wakariri. Tukiuliza majadiliano, mikataba na tafsiri ya haki, tutavuna viongozi.

Nawe mzazi, usimnyamazishe mtoto anaposema lugha ya bibi yake ukidhani unamsaidia kupata Kiingereza. Ongeza jiwe katika mizani, usiondoe. Tukilizingatia hilo, inshallah, siku moja mbaazi za Kondoa zitauzwa na mtu wa Kondoa, aliyeusoma mkataba kwa macho yake mwenyewe.