Nishani ya Wallace na Jasho la Ali

Nishani yoyote ya serikali hufanya kazi mbili. Humshukuru aliyetumikia umma. Papo hapo hutangaza ni kazi ya nani inayohesabiwa kuwa kazi. Ili tuielewe vyema kazi hii ya pili, tuchambue mfano mmoja halisi.

Alfred Russel Wallace, Mwingereza mtaalamu wa viumbe, alizunguka visiwa vya Kimalaya tangu 1854 hadi 1862. Alirudi na hesabu ya vielelezo 125,660 vya wadudu, ndege na wanyama wengine. Vingi viliuzwa London kupitia wakala wake. Mwaka 1858, akiwa huko huko visiwani, aliandika nadharia ya mageuzi ya viumbe, ikasomwa London pamoja na maandishi ya Darwin. Sifa hizo ni haki yake, wala hatuzipingi.

Lakini vielelezo havijikusanyi. Ali, kijana wa Sarawak, alianza kama mtumishi wake, akajifunza kupiga ndege kwa bunduki na kuwachuna ngozi. Mwaka 1858, katika kisiwa cha Bacan, Ali ndiye aliyempata ndege wa paradiso ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamemjua. London ikampa ndege huyo jina la kisayansi: wallacii.

Mwaka 1902 Mfalme wa Uingereza alianzisha Nishani ya Sifa, yenye wanachama wa kawaida 24 tu. Wallace aliipata mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 85. Ali hakupewa nishani yoyote.

Je, Wallace alikuwa mnyonyaji kwa hulka? La. Tangu 1881 aliongoza chama kilichodai ardhi ya Uingereza iwe mali ya taifa, na baadaye alijitangaza kuwa msoshalisti. Katika kitabu cha maisha yake cha 1905 alimtaja Ali na kuchapisha picha yake. Nia njema ya mtu mmoja haikutosha, kwa sababu mfumo wa kikoloni ulimhesabu mtawaliwa kama chombo cha kazi.

Funzo kwetu ni la vitendo. Kada anapoandika orodha ya wanaostahili hati ya sifa, kijijini, kiwandani au chuoni, asiishie kwa mkuu aliyetia saini ripoti. Aulize nani alishika jembe, na majina yao yaandikwe.