Kapu Linalomalizia Kupika

Maharage yakishachemka, moto unaobaki chini ya sufuria hauyapiki kama tunavyodhani. Maji yakifikia joto la kuchemka hayapandi tena, hata upepee jiko mpaka mkaa ugeuke mweupe. Yatageuka mvuke kwa kasi zaidi, basi. Kinacholainisha punje ni kukaa muda mrefu ndani ya joto kali, na moto tunaoendelea kuulisha hufidia tu joto linalopotea kupitia ubavu wa sufuria, mfuniko na upepo wa uani. Mtu akiliziba joto hilo lisitoroke, anaweza kuepua mapema na chakula kikaendelea kuiva mbali na jiko.

Tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo pesa ilipo. Kuchemsha lita 3 za maji kutoka nyuzi 25 za Selsiasi hadi 100 kunahitaji nishati ya kama kilojuli 945. Kilo moja ya mkaa mkavu ina karibu kilojuli 29,000. Lau joto lote lingeingia sufuriani, gramu 33 za mkaa zingetosha. Jiko la bati la kawaida hupoteza sehemu kubwa ya joto lake, na tukikadiria kwamba moja ya tano tu ndiyo inayokifikia chakula, tunahitaji gramu 165 hivi, yaani mkaa wa kujaza viganja viwili. Mkaa mwingine wote tunaoongeza katika saa mbili au tatu za kutokosa maharage ni gharama ya kukiacha chombo wazi kwenye baridi. Anayepikia gesi yuko katika hesabu hiyohiyo, ila yeye haioni, kwa kuwa mtungi hauonyeshi kinachopungua mpaka siku unapozimika.

Kinachoziba joto ni kapu lililotandikwa kitu kinene chenye hewa ndani. Si jambo geni duniani. Chombo cha namna hii kutoka Norwei kilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1867, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akina mama wa Uingereza walipikia masanduku yaliyojazwa majani makavu kwa kuwa makaa ya mawe yalikuwa ya mgawo. Kwetu, wataalamu wa sayansi kimu wamelifundisha kapu hili katika vikundi vingi vya wanawake. Inaniuma kuona linavyosahaulika mara semina inapokwisha, kwa dhana kwamba ni kifaa cha watu wasio na uwezo. Mwenye gesi, mwenye umeme na mwenye jiko zuri lenye udongo ndani wote wana sababu ya kuwa nalo. Wakazi wa Kenya waliopitia mwaka 2018, serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu yake na bei ya mkaa ikaruka, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kulitengeneza ni kazi ya siku moja, na vifaa vyake karibu vyote huokotwa au hununuliwa kwa bei ya mabaki. Chukua kapu la ukindu, kiondo kikubwa, au tenga lililobebea nyanya. Kipimo ni kimoja tu: ukiiweka sufuria katikati, ibaki nafasi ya sentimita 8 hadi 10 pande zote, na chini yake pia. Sufuria ikigusa ubavu wa kapu, joto litapitia hapo hapo.

Cha kujazia ndicho kinachostahili fikra. Joto huzuiwa na hewa iliyotulia, wala si uzito wa kitambaa, kwa hiyo tunatafuta kitu kinachoweza kuishika hewa bila kuiachia izunguke. Kwa watu wa Pwani chaguo langu la kwanza ni sufi. Kila unyuzi wa sufi ni kijibomba chenye uwazi ndani na nta kidogo juu, ndiyo maana ni nyepesi na hailowi upesi. Mito ya sufi ya mabibi inatupwa kila siku kupisha sponji, na wanaoitupa wanatupa kihami joto bora kuliko kingi kinachouzwa dukani.

Pasipo sufi, nenda kwenye mitumba. Karume jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi au Kongowea mjini Mombasa, utakuta masweta yaliyotoboka au kusinyaa ambayo muuzaji anafurahi kuyaondoa mezani. Tafuta ya pamba ya kondoo. Kuyajua, chomoa uzi mmoja ukauchome ukiwa nyumbani: wa kondoo hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni, wa pamba ya shambani huwaka kama karatasi, na wa plastiki huyeyuka ukaacha punje ngumu. Jaribio hili litakufaa pia siku unayonunua shuka au nguo ya mtoto, maana maandishi ya shingoni mara nyingi yameshakatwa. Vipande vilivyozagaa chini ya cherehani ya fundi vinafaa, na makombo ya sponji kwa mafundi wa magodoro pia. Shambani kuna majani makavu ya mgomba, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa nyuzi. Chochote utakachotumia, usikishindilie. Kitambaa kilichobanwa kimeshafukuza hewa uliyokuwa unaitafuta.

Watu wengi hujaza kapu moja kwa moja kisha hushonea kitambaa juu. Mimi nashauri mito miwili inayotoka: mmoja mrefu wa kuzungushia sufuria na kutandika chini, mwingine wa duara, mnono, wa kufunikia. Hiyo hufulika na huanikwa. Kwa upande unaotazamana na sufuria tumia kitambaa cha mwavuli uliovunjika, kwa sababu mvuke ukiingia kwenye sufi au sweta, maji huchukua nafasi ya hewa na kapu linaanza kupoza chakula. Nje shonea kanga kuukuu uipendayo. Kitu kizuri machoni hakifichwi stoo, na kapu lililofichwa halitumiki.

Sasa kupika. Sufuria iwe na mfuniko unaobana, na chakula kiijaze angalau theluthi mbili. Chakula kidogo ndani ya chombo kikubwa hupoa upesi, kwa hiyo kapu la lita 5 halimfai anayepika kikombe kimoja cha mchele. Chemsha barabara, futa kitako cha sufuria kwa ngata ya kitambaa kilicholowa ili pasibaki hata kaa dogo, ingiza, funika, na usifunue kuchungulia. Kufunua mara moja kunaweza kula nusu saa ya mapishi. Kaa linalowaka likibebwa na kitako linaweza kuunguza sponji, na moshi wake ni sumu, kwa hiyo hatua ya kufuta haina mzaha.

Wali huchemka dakika 5 hivi na maji yake, halafu hukaa kapuni kama saa nzima. Kapu linafanya ile kazi ya kupalia makaa juu ya mfuniko, tena wali haushiki ukoko. Ndizi na viazi hutosheka na dakika 10 motoni na saa moja kapuni. Nyama ya ng'ombe ichemke nusu saa, ikae saa 3 au 4.

Maharage na makande yanataka maelezo zaidi, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Maharage, hasa mekundu, yana lektini inayoweza kumfanya mtu atapike na kuharisha vibaya. Lektini hiyo huharibiwa na mchemko wa kweli, si na uvuguvugu. Joto la nyuzi 80 haliiondoi. Kwa hiyo loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya, kisha chemsha kwa nguvu dakika zisizopungua 10. Mimi husema 30, kwa usalama na kwa kuwa punje huanza kulainika mapema. Baada ya hapo ndipo kapu lipewe saa 4 au 5. Wanaoishi juu waongeze muda: Nairobi na Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Njombe chini ya hapo, ndiyo maana maharage yaleyale yanayoiva upesi Tanga husumbua huko. Baadhi ya wapishi hutia magadi ili kuharakisha. Yanasaidia kweli, lakini huharibu sehemu ya vitamini za kundi B, na kwa mwenye kapu hakuna haraka ya kumlazimisha kuyatumia. Maharage yakitoka, yarudishe jikoni uunge kitunguu, nyanya na tui, yachemke tena kidogo.

Usiache chakula kapuni mpaka asubuhi. Kikishuka chini ya nyuzi 60 kinaingia katika joto linalopendwa na bakteria, na kwa wali hatari ni kubwa zaidi, kwani kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili mchemko, zikaamka wali ukiwa vuguvugu. Ukifunua usione mvuke ukipanda na hujui kimepoa tangu lini, kitupe.

Chapati, mandazi na vyote vya kukaangwa havihusiki hapa. Ugali unataka moto na mwiko; kapu litautunza ukiwa moto tu. Mchicha na matembele hupoteza rangi na ladha yakikaa humo.

Uvuguvugu huo tunaoukwepa kwa wali ndio tunaoutaka kwa mtindi, kwa kuwa hapo tunapanda bakteria wetu wenyewe. Pasha lita 2 za maziwa mpaka yakaribie kuchemka, yaache yapoe hadi kidole kisafi kivumilie ukihesabu kumi, yaani nyuzi 43 hadi 45. Koroga humo vijiko vitatu vya mtindi mzuri usio na sukari wala ladha, funika, weka kapuni saa 6 hadi 8. Utapata mtindi mzito wa kula na asali au kipande cha embe, na watoto wa Arusha au Limuru wataupata hata Julai, wakati maziwa yaliyoachwa mezani hayataki kuganda kwa baridi. Kwenye joto la Pwani kapu hulinda kinyume chake pia: donge la barafu pamoja na chupa za juisi ya ukwaju vikiingia mchana, vitabaki baridi mpaka jioni, kwani kinachozuia joto kutoka huzuia pia kuingia.

Anika mito juani mara moja kwa wiki, na wakati wa masika kila jua linapochomoza. Sufi ikianza kufanya mabonge baada ya miezi kadhaa, fumua mshono upande mmoja, ichambue kwa vidole mpaka ivimbe tena, kisha shona.