TUOGE KABLA YA KUOGELEA

Wako wenzetu wengi, hasa akina mama na wasichana, ambao hawajajifunza kuogelea kwa sababu moja tu: wanachelea kuharibu nywele na ngozi. Hofu hiyo hatuicheki. Mtu aliyemlipa msusi kwa fedha ya jasho lake hapendi kuiona kazi ile ikipotea majini kwa alasiri moja. Lakini Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni katika mwaka 2021. Sisi tulio na maziwa makubwa na pwani ndefu hatuwezi kuacha ujuzi wa kuogelea utushinde kwa ajili ya nywele, na hali dawa ya jambo lenyewe ni nyepesi.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba klorini inayotiwa katika mabwawa ya kuogelea si adui. Ndiyo inayoua vijidudu vya kuhara na maradhi mengine ambavyo mtu mmoja angeweza kuwaambukiza wote waliomo. Bwawa lisilotiwa dawa ni la kuogopwa kuliko lililotiwa. Hata hivyo, dawa hiyo hiyo huondoa mafuta ya asili yaliyo juu ya ngozi, nayo ngozi ikapauka na kuwasha, na mwenye pumu ya ngozi huweza kutaabika zaidi. Nywele nazo hukauka na kukatika. Nywele zetu za kipilipili huwahi kudhurika, maana mafuta yatokayo kichwani hayafiki kwa urahisi kwenye ncha za nywele zilizojikunja.

Pili, liko kosa moja ambalo twapenda kulisahihisha. Watu wengi husikia harufu kali bwawani, wakaona macho yao yamekuwa mekundu, wakasema, "Hapa klorini imezidi." Mara nyingi sivyo. Klorini ikikutana na jasho, mkojo na uchafu wa miili, huzaa kitu kingine kiitwacho kloramini, na hicho ndicho hasa kinachonuka na kuchoma macho. Basi anayejitosa bila kuoga, au anayekojoa majini, anawadhuru wenzake wote, na klorini iliyowekwa kupigana na maradhi inakwisha kwa kupigana na uchafu wake. Kuoga kwa dakika moja tu huondoa sehemu kubwa ya uchafu huo.

Kuoga huko kuna faida ya pili. Nywele ni kama sifongo: zikishiba maji safi ya bomba, hazinywi maji mengi ya bwawa. Baada ya kuzilowesha, zipakwe mafuta ya nazi kidogo, hasa kwenye ncha, kisha zivikwe kofia ya kuogelea. Kofia haizuii maji yote, lakini huyapunguza.

Mtu akitoka majini asingoje klorini imkaukie mwilini. Avue nguo mbichi, aoge kwa sabuni isiyo kali na maji yasiyo ya moto sana, ajifute bila kujisugua, na apake mafuta ngozi ingali na unyevu. Nywele zioshwe na kutiwa mafuta ya kulainisha. Aliyesuka asuuze katikati ya mistari, kisha akaushe vizuri ngozi ya kichwa.

Jua nalo lisisahauliwe. Ndugu zetu wenye ualbino wajihadhari kuliko wote: wavae nguo za kuogelea zenye mikono mirefu, waepuke jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na wapake losheni ya kuzuia jua yenye kinga ya namba 30 au zaidi, wakiirudia kila baada ya saa mbili na kila watokapo majini. Losheni ya namna hiyo hutengenezwa hapa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Wasimamizi wa mabwawa nao wana wajibu wao. Katika mwaka 2021 shirikisho la kuogelea la dunia, lililoitwa FINA wakati ule, lilikataa kofia kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele nyingi na za kusuka zisitumike katika mashindano. Watu wakalalamika kila upande, na mwaka 2022 kofia hizo zikakubaliwa. Hilo na liwe funzo. Bwawa linalomfukuza msichana kwa sababu ya ukubwa wa kofia yake, au lisilo na bomba la kuogea lenye maji, halina haki ya kuwalaumu watu kwamba hawaji kujifunza.

Kwa hiyo basi, msimamizi apime maji yake kila siku na kuweka bomba mlangoni, na muogeleaji asilipite bomba hilo akiwa mkavu. Hapo ndipo mama atakapoingia majini pamoja na binti yake bila kuzihofia nywele, na wote wawili watoke wakiwa na ujuzi ambao siku moja huenda ukawaokoa.